Nilikwenda Kibaha Kujifunza Mashine, Nikafundishwa Foronya

Mwalimu wa kisomo ameniomba niandike safari yangu ya Kibaha ili awasomee ninyi, akina mama na akina baba wa darasa la alasiri. Kwanza alitaka niisimulie kwa mdomo. Nikashindwa. Mnanijua: nikisimama mbele ya watu watatu tu, ulimi unakuwa kama wa mtu aliyekula bibo bichi. Basi atasoma yeye, mimi nitakaa nyuma karibu na mlango. Mkisikia hasira humu ndani, msimlaumu mwalimu. Ni yangu.

Sababu ya kuondoka mnaijua, lakini naiandika kwa sababu hapa Vihingo tunapenda kuisahau. Mashine yetu ya kusaga ilipokelewa kwa ngoma na vigelegele, ikasaga msimu mmoja. Fundi wake alikuwa Hamisi, ambaye kijiji kilimpeleka kusoma. Alirudi na cheti, akaiwasha, akatuambia dizeli lazima ichujwe, kisha akakichukua cheti chake akaenda nacho Dar es Salaam, na hadi leo hajarudi. Haukupita muda mrefu mashine ikakohoa, ikazima. Halmashauri ya kijiji ikafanya nini? Ikafunga nyumba ya mashine kwa kufuli na kuweka mlinzi. Misimu miwili tumekuwa tukilinda maiti.

Na misimu miwili hiyo akina mama wamekuwa wakibeba madebe ya mahindi kichwani hadi Mlandizi. Mama yangu alirudi siku moja shingo imekaa upande. Mpaka leo ukimwita kwa nyuma, hageuzi kichwa. Anageuka mwili mzima, kama mlango.

Barua ikaja kwamba chuo kimoja cha mafunzo ya vijana wa vijijini, kule Misugusugu, Kibaha, kinapokea kijana mmoja kwa kila kijiji, wiki sita. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani nasubiri majibu. Mkutano mnaukumbuka. Mwenyekiti alisema, "Tukipeleka mvulana atatukimbia kama Hamisi." Bi Mwanaidi akadakia, "Mpelekeni Zena wa Mwajuma. Huyo hata akitaka kutoroka hataweza kuuliza njia." Mkacheka nyote. Nilikuwepo, nimekaa nyuma ya mgongo wa mama. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nilikasirika, na palepale nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nataka sana, tena toka siku ile mashine ilipozima.

Jumatatu, alfajiri. Mama alinifungia nguo mbili na mihogo ya kuchemsha kwenye kanga yake kuukuu. Barua ya mwenyekiti niliitia kifuani. Nilikuwa nimeisoma mara nne: "Aletwaye ni Zena Mrisho, ajifunze mashine ya kusaga na injini yake." Mhuri ulikuwa mzuri, duara zima, haukukatika mahali. Mama alinishika mkono akasema, "Usinirudie na hadithi. Nataka kuisikia mashine."

Saa moja asubuhi, njia panda. Nilipata lori la mkaa. Dereva alinitazama nilivyokaa juu ya magunia bila kusema neno, akamwuliza utingo wake, "Huyu abiria au gunia?"

"Gunia," utingo akajibu. "Abiria angetuamkia."

Nilikuwa nimewaamkia. Ila niliwaamkia kwa sauti ya kwangu, ambayo hutoka mpaka kwenye meno tu. Njia nzima hadi tulipovuka reli nilikuwa naitunga ile shikamoo upya, kubwa, ya kuwaaibisha. Tulipofika, nikashuka kimya.

Saa tatu, Mlandizi. Nilipita kwa makusudi penye mashine ya kusaga. Foleni ilikuwa imezunguka nyumba. Kinamama wa vijijini wamekaa juu ya madebe yao, wengine wametoka nyumbani kabla ya jogoo. Msagaji, kijana aliyepakaa unga mpaka kwenye kope, alikuwa anapiga kelele, "Watu wa Kisarawe mbele yenu kuna wenyeji! Subirini! Si mna mashine yenu ya Ujamaa?" Mama mmoja akamjibu, "Tunayo, mwanangu, inapumzika." Wenzake wakacheka kile kicheko cha mtu aliyechoka. Mimi sikucheka. Nilisimama nikisikiliza injini nyuma ya ukuta, tu-tu-tu-tu, nikaiambia moyoni, ngoja.

Saa sita mchana, Misugusugu. Basi liliniteremsha barabarani, nikauliza njia. Ndiyo, Bi Mwanaidi, niliuliza, kwa mtoto mdogo aliyekuwa anauza machungwa. Chuo ni mabanda matatu ya mabati na uwanja wa mchanga. Banda la kwanza ofisi, la pili karakana, la tatu lina mapazia ya maua. Karani alikuwa na daftari kubwa na kalamu nyuma ya sikio.

"Jina?"

"Zena Mrisho."

"Kijiji?"

"Vihingo."

"Mapishi na ushonaji." Akaandika kabla sijameza mate.

"Barua inasema..."

"Barua nimeiona, dada. Wasichana wote kule kwenye mapazia. Anayefuata!"

Barua yetu yenye mhuri akaitoboa, akaifunga kwenye faili. Nami nikasema, "Ahsante."

Nataka mlisikie vizuri hilo neno. Kijiji kizima kilinituma, shingo ya mama ilinituma, mtu akaniondolea safari yangu kwa mstari mmoja wa kalamu, nami nikamshukuru! Nimekasirishwa na watu wengi katika safari hii, lakini hakuna aliyenikasirisha kama mimi mwenyewe siku ile.

Wiki ya kwanza. Nilidarizi foronya. Kitambaa kilikuwa cha pamba nyeupe, kizito, kimefumwa sana, na maneno tuliyopewa ni KARIBU MGENI, kwa uzi mwekundu, na ua kila pembe. Mwalimu wetu wa ushonaji hakuwa mtu mbaya. Alipita nyuma yetu akisema, "Msichana mwenye foronya nzuri haachiki, wanangu." Na nyuma ya ukuta wa bati nilikuwa nasikia kila kitu: spana zikianguka, injini ikiwashwa na kuzimwa, na sauti ya mwalimu wa karakana, Fundi Mihayo, akiwafundisha wavulana tisa. "Wewe, umelala? Hili linaitwaje?" Kimya. "Hili nimewaambia jana, linaitwaje?" Kimya. Mimi nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimelisikia kupitia bati. Nilijichoma sindano mara ngapi sijui. Ile herufi K ina damu yangu, ila uzi ni mwekundu, haionekani.

Siku ya pili, saa za chakula. Fundi Mihayo alipita kwenye benchi letu na sahani yake ya ugali. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mwenye mvi kidogo na mikono isiyotakata hata kwa sabuni. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kisarawe.

"Mzaramo?" Akaweka sahani chini. "Jamani, mmeniwekea Mzaramo karibu na moto! Hawa wakisikia ngoma huacha sufuria jikoni. Leo tutakula mkaa."

Wote wakacheka, nami nikainamisha uso. Kumbe ni Mnyamwezi wa Tabora. Mtani wetu. Alipita kila siku tangu hapo na tusi jipya, nami kila siku nilinyamaza, naye akawa ananiita Bubu.

Jumapili nilikaa peke yangu nikamkumbuka bibi yangu, mzaa mama. Wenye umri mkubwa mnamkumbuka. Alikuwa na haya kuliko mimi. Wageni wakija alijibu hodi akiwa nyuma ya nyumba. Lakini walipokuja Wanyamwezi wa genge la reli kwenye msiba wa babu, wakalala kaburini kabla ya maiti wakidai kitu, bibi yule yule alimvua kofia msimamizi wao kwa maneno makali ya utani, akakaa nayo siku mbili mpaka ikakombolewa. Hakuna aliyemwita mwizi. Hakuna aliyemwambia hana adabu. Mtani akichukua, humshtaki, unakomboa. Nikajiuliza: yale maneno yote bibi alikuwa anayaweka wapi siku nyingine?

Jumatatu ya wiki ya pili, saa nne kasoro robo. Wavulana walikwenda kunywa chai. Niliingia karakana. Hendeli ya kuwashia injini huning'inia kwenye msumari karibu na mlango. Bila hiyo injini ni chuma tu. Nikaitoa, nikaifunga ndani ya kanga ya mama, nikarudi darasani kwetu nikaikalia. Ilikuwa bado ina joto. Nikaendelea kudarizi herufi M.

Kelele zilianza baada ya chai. Wavulana walitafuta chini ya meza, ndani ya mapipa, wakashukiana. Fundi Mihayo akatoka uwanjani. "Nani kachukua hendeli?"

Nilisimama kwenye mlango wa mapazia. Nilikuwa nimelala na jibu langu usiku kucha.

"Mimi, Mnyamwezi."

"Wewe? Bubu?"

"Babu zako walikuja pwani na mizigo kichwani mpaka wakasahau njia ya kurudi. Nimekuonea huruma. Leo nimekupunguzia mzigo."

Wavulana wote wakamgeukia. Kisha Fundi Mihayo akacheka mpaka akashika nguzo ya banda. "Haya, mtani! Umenipata! Komboleo lako nini? Kuku?"

"Sitaki kuku. Nataka kusimama pale kwenye injini. Kijiji changu hakikunituma kuleta foronya."

Hapo akaacha kucheka. Alinitazama kama mtu anayesoma barua ambayo alipaswa kuonyeshwa mapema.

Lakini Mkuu wa chuo alikuwa ameshatoka ofisini na karani wake. Yeye si mtani wa mtu yeyote pale. "Huu ni wizi wa mali ya serikali," alisema. "Funga mizigo yako. Na ofisi haina utani."

"Ofisi haina, Mkuu," alisema Fundi Mihayo, "lakini hendeli ni ya karakana yangu, na mimi ninao. Mtani wangu akichukua kitu nikamshtaki, siku nikifa nitazikwa na nani?"

Walibishana palepale mbele yetu, nami hendeli mkononi. Niliomba ardhi ipasuke. Haikupasuka. Mwisho Mkuu alitoa hukumu: asubuhi nitashona kama wenzangu, saa tisa alasiri naweza kwenda karakana nikitaka, ila jina langu halitaandikwa huko. "Akikatwa kidole, hatukumwona," akamwambia karani. Karani akaitikia kwa kichwa, na kalamu yake haikutoka sikioni.

Kuanzia kesho yake hadi wiki ya sita. Saa tisa kila siku nilivuka ule uwanja. Wavulana walinipigia makofi mwanzoni. "Fundi Foronya kaja!" Baadaye walichoka, na baadaye kabisa walianza kuniuliza. Nilijifunza kufungua nozeli, kukaza mkanda, kutoa upepo kwenye bomba la dizeli mpaka itoke bila povu. Fundi Mihayo hakunihurumia. Nikikosea alisema, "Ngoma imeanza tena kichwani," nami nikamjibu, "Afadhali ngoma kuliko mzigo." Kwake niliweza kusema. Nikitoka nje ya lile banda, sauti ilirudi kwenye meno.

Kitu alichokisema kila siku ni hiki: "Dizeli chafu ni kama wali wenye mchanga. Injini itakula matonge mawili, la tatu italitema. Chuja kwa kitambaa cha pamba kilichofumwa sana, kisichotoa nyuzi. Kitambaa, siyo kitu kingine." Niliyaandika maneno hayo nikayapigia mstari. Sikujua bado kwa nini.

Siku ya kufunga tulipewa vyeti. Changu kinasema: Mapishi na Ushonaji, amefaulu vizuri. Injini hakuna. Nilimwonyesha Fundi Mihayo. Alikisoma, akanirudishia, akanipa spana kuukuu ya kwake. "Kazi hii wakikuuliza uliisomea wapi, waambie ulimwibia Mnyamwezi."

Siku ya kurudi, saa tano, Mlandizi. Nilipita tena penye ile mashine. Foleni ilikuwa ile ile. Na katikati ya foleni, juu ya debe, alikuwa mama. Nikamwita. Akageuka mwili mzima.

"Umerudi na mashine?" akauliza, hata kabla ya kuniamkua.

"Nimerudi na foronya, mama."

Akanisogezea nafasi juu ya debe. Tulisubiri hadi alasiri tukasagiwa, debe nikajitwika mimi, na njiani nikamweleza yote haya mnayosomewa. Tukavuka reli. Ndipo akasema, "Ile hendeli uliikalia kweli?" Nikasema kweli. Akacheka, akaacha ghafla, akashika shingo.

Kesho yake, saa nne asubuhi, ofisi ya kijiji. Wengi wenu mlikuwepo. Mwenyekiti alikisoma cheti kwa sauti, na mmoja wenu, sitamtaja, akasema, "Tulituma fundi mashine, tumeletewa fundi cherehani." Mkacheka tena, kama siku ile ya mkutano. Nilitafuta utani wa kujifichia, sikuupata. Mwenyekiti si Mnyamwezi. Ni baba yangu mkubwa. Kwa mtani nilikuwa na mlango wa kupitishia hasira. Hapa nyumbani palikuwa na ukuta mtupu na adabu zangu.

"Baba mkubwa, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba ufunguo wa mashine."

"Cheti hiki hakisemi mashine. Ukiiharibu je?"

Bibi yangu angenisaidia, lakini amekufa. Mama ndiye aliyesimama. "Shemeji, mashine imekufa misimu miwili. Atamuuaje maiti?"

Ufunguo ukatolewa. Mlinzi alikuwa amekaa mlangoni kwa uaminifu, na ndani buibui walikuwa wamefunga kila kitu. Nililifungua chujio la dizeli kwa spana ya Mnyamwezi. Lilikuwa limeziba kabisa. Si kutu, si tope. Nilichomoa uzi mmoja wa kahawia, mrefu, kisha mwingine, kisha kifundo kizima. Nikaviweka kwenye kiganja. Mama akasogea, akachukua uzi mmoja akauinua kwenye mwanga.

"Huu ni ukindu," akasema. "Hiki ni kifumbu changu."

Mnakumbuka sasa. Hamisi alituambia dizeli ichujwe. Ichujwe kwa kitu gani, hakusema, na sisi hatukuuliza. Kazi wakapewa akina mama, na akina mama wa hapa wakiambiwa chuja, huchuja kwa kifumbu, kama tui la nazi. Mama hata alinunua kifumbu kipya, ili dizeli isinuke nazi. Alikikamua kwa mikono miwili, kwa nguvu, kila debe, na kila debe likashuka na nyuzi zake.

"Kumbe ni wanawake waliotuulia mashine!" Mwenyekiti akasema.

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Mlisikia wenyewe, walisikia hadi walioko kisimani. Nilisema: "Hapana! Ameiua aliyejua asifundishe! Mmoja alisomeshwa kwa ajili yetu sote, akaondoka na elimu mfukoni. Mkatuma mwingine, wakamwandika foronya. Na ninyi mkanunua kufuli! Mama alichuja alivyojua. Nani alimwonyesha?"

Spana iliniponyoka ikaanguka. Mama akaiokota, kwa kuchuchumaa, maana hawezi kuinama, akanipa. "Endelea," akasema.

Nililiosha chujio, nikatoa upepo kwenye bomba. Dizeli mpya ilihitaji kuchujwa, na kitambaa cha pamba kilichofumwa sana nilikuwa nacho kimoja tu duniani. Nikakifunga kwenye mdomo wa debe. Kisha nikashika hendeli. Mzungusho wa kwanza kimya, wa pili ikakohoa, wa tatu ikashika. Vigelegele mlivyopiga siku ile sikuvisikia, kwa sababu ya mashine.

Nilimwuliza mama kama niandike habari ya kifumbu chake. Akasema, "Andika. Tena andika kilikuwa kipya."

Nilichojifunza nakiandika mwisho, kifupi. Mambo ya injini nimeandika kwenye daftari jingine, limefungwa kwa kamba mlangoni mwa nyumba ya mashine; hilo haliondoki na mtu. Kila Ijumaa baada ya swala nafungua injini mbele ya yeyote anayetaka kuona. Siulizi barua, siulizi cheti, siulizi kama ni mwanamume. Bi Mwanaidi ameshakuja mara mbili na anajua kutoa upepo. Majibu yangu ya shule yakija nikaitwa mbali, nitakwenda, na mashine itaendelea kusaga. Wala msinishukuru. Bado nina hasira.

Foronya inaning'inia juu ya pipa la dizeli. KARIBU imeshakuwa nyeusi. MGENI bado inasomeka.